Kaseti ya Tisa

…maana zimebaki kurasa mbili tu afike pale, mbili na nusu ukihesabu ile yenye picha, na Profesa akisoma mbele za watu huwa anayavuta maneno kama mtu anayeogopa yatamwishia, lakini atafika, hakuna namna hatafika, Nukta anaujua kila mstari ulioko njiani kwa sababu ni yeye aliyeuchapa, mara ya kwanza akiutoa kwenye kaseti, mara ya pili Profesa alipoubadilisha, mara ya tatu mchapishaji alipoulalamikia, kwa hiyo anajua kwamba baada ya "mikono iliyoliwa na magadi" unakuja "mvuke uliopanda kama sala", na baada ya sala kuna mto, mto ambao haukuwahi kuwepo, walifulia kwenye masinki ya saruji nyuma ya hospitali, karibu na tanuri la kuchomea uchafu, mto gani, Profesa, alimuuliza siku ile kidole kikiwa juu ya kitufe, naye akacheka, akasema, "Nukta, msomaji anahitaji mto," ndivyo alivyozoea kumwita, Nukta, kwa kuwa hakuna sentensi yake iliyopita mikononi mwa huyu sekretari bila kuwekewa kituo chake, ofisi nzima ikalidaka hilo jina, na sasa mto umeshapita, Profesa amemeza mate, na mama yake Nukta amekaa safu ya pili, kiti cha tatu kutoka dirishani, amenyooka, mkoba ameupakata, anasikiliza. Mama yake. Watu mia na ushee wamejaa humu ukumbini juu ya maktaba, alasiri yote hii ya joto, feni zimezimwa zisije zikaingia kwenye kinasa sauti, wahadhiri, waandishi wa magazeti, wanafunzi waliosimama ukutani, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba yule mzee wa safu ya pili, mmoja wa wale mama watatu walioalikwa ili kitabu kionekane kina watu wa kweli ndani yake, ndiye aliyemzaa huyu mwanamke wa kwenye meza ya pembeni mwenye jagi la maji na orodha ya wageni, hakuna anayejua isipokuwa wao wawili, na wao wawili hawajatazamana tangu pale mlangoni.

Pale mlangoni… angeweza kumpa Mkutubi ile kalamu, angesema anakwenda msalani, angeweza hata kuumwa leo, watu wanaumwa, lakini alibaki amekaa, na Mkutubi ubavuni mwake anagawa vitabu, foleni inasogea, mhariri, mke wa mhariri, mtu wa redio, halafu kile kitambaa cha kichwani anachokijua, kile cha madoa meupe ambacho hutoka sandukuni kwa harusi na kwa misiba tu, miaka miwili hawajaonana, miaka miwili na miezi, na mkono wake ukaandika tarehe mahali pa jina, ikabidi afute, na mdomo wake, mdomo huu huu, ukasema kwa ile sauti ya ofisini, "Karibu, mama. Jina lako?" Alimuuliza mama yake mzazi jina. Na yule mzee hakushtuka, wala hakukunja uso, aliyataja majina yake yote matatu taratibu, moja moja, kisha akasogeza kidole chake juu ya karatasi, kile kidole chenye ukucha uliogeuka mweupe tangu zamani, akasema, "Liandike vizuri hilo la mwisho, mwanangu, watu huwa wanalikosea," na Mkutubi akatabasamu kwa huruma, kwa sababu mwanangu ni neno ambalo mtu mzima yeyote humwambia mdogo yeyote, konda huambiwa mwanangu, muuza karanga huambiwa mwanangu, basi neno gani lile, lilikuwa mkono ulionyoshwa au mlango uliofungwa, amekaa hapa saa nzima analigeuza kama mtu anayetafuta upande wa kulia wa nguo, halioni.

"…hawa ndio walioibeba historia yetu migongoni," Profesa anasoma, "na historia haikuwahi kuwauliza majina yao." Mtu fulani nyuma anasema, "Kweli kabisa." Kweli kabisa, ndiyo, na Profesa si mtu mbaya, hilo ndilo linalouma, angekuwa mbaya ingekuwa rahisi, lakini alikwenda kweli kule nyuma ya hospitali kwa miguu yake, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, alibeba kinasa sauti chake ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvuke, akawarekodi wafuaji kumi na wanne kabla masinki hayajavunjwa na mashine hazijaletwa, nani mwingine aliwahi kuwajali, maprofesa wenzake walikuwa wanaandika juu ya wafalme na mikataba, yeye akasema nataka historia ya mashuka, wakamcheka, na leo waliomcheka wamekaa safu ya mbele wanatikisa vichwa, na jalada la kitabu limeandikwa "kazi iliyojaa huruma", na imejaa kweli, imejaa mpaka kicheko kimekosa pa kukaa. Maana walikuwa wanacheka, wale wanawake. Kaseti zote kumi na nne zinacheka. Kwenye kaseti ya tatu mmoja anaeleza jinsi walivyomjua daktari mwenye nyumba mbili kwa kuangalia nani amemshonea vifungo vya koti, huyu anashona msalaba, yule anashona sambamba, na wote wanaangua kicheko mpaka kinasa sauti kinakwaruza, Nukta alilichapa lote, akaweka na alama ya kucheka kwenye mabano, na Profesa akalipiga mstari mwekundu. "Kicheko kinavunja hisia," alisema. "Tukiwaacha wacheke, msomaji atadhani hali yao haikuwa mbaya." Naye akafuta. Alifuta kicheko cha kaseti ya tatu, na ya tano, na ya kumi na moja, akafuta mpaka wanawake wote wakawa wanalia kando ya mto.

Ya tisa hakuifuta. Ya tisa aliivaa masikioni asubuhi moja baada ya chai, akiwa na biskuti mkononi bado, akabonyeza, akasikia mlango wa bati, akasikia Profesa akisema, "Mama, tunatoka chuo, idara ya historia," na kabla ya jibu akakisikia kile kikohozi kidogo, kile ambacho kilikuwa kikimwamsha aende shule kila siku ya Mungu, biskuti ikabaki hapo hapo mkononi. Kwa hiyo mama yake alijua. Profesa alisema idara ya historia, na mama yake anaijua idara ya historia, alishafika mpaka kwenye geti lake, loo, alishafika… miaka minane iliyopita, Nukta akiwa ndiyo kwanza ameajiriwa, ana wiki ya tatu, nguo zake alikuwa bado anampelekea mama, si kwa uvivu, ni kwamba hakuna mtu duniani anayepiga kola pasi kama yule, na siku hiyo kulikuwa na mgeni wa wizara, na ile blauzi nyeupe ilikuwa imebaki kwa mama, basi mama akafikiri, akaifunga kwenye gazeti, akaja nayo kwa miguu, jua lote lile, akiwa na kandambili na aproni yenye maji bado kifuani, akasimama getini. Walikuwa wanatoka kula, yeye na Mkutubi na wengine wawili. "Yule anakutafuta wewe?" Mkutubi aliuliza. Na hakufikiri, angeapa kwa chochote kwamba hakufikiri, lilitoka lenyewe kama kikohozi, "Aa, huyo ni dobi wangu." Hatua nne tu kutoka pale alipokuwa mama. Mama alisikia, masikio ya watu waliofanya kazi kwenye mvuke na kelele huwa makali kuliko ya watu wengine, alisikia, akaitazama ile blauzi, akainyosha kwa mikono miwili kama mtu anayempa mteja, akasema, "Tayari, dada. Nimeitia wanga kidogo kwenye kola," akaondoka zake. Dada. Hakupunguza mwendo, wala hakuharakisha. Na mgeni wa wizara aliisifu ile blauzi.

Halafu maisha yakaendelea, hilo ndilo ambalo hakuna anayeandika kitabuni, kwamba yaliendelea tu, mwisho wa mwezi anakwenda, anabeba sukari na sabuni, mama anamwaga chai, wanaongea habari za jirani na paa linalovuja, blauzi haikutajwa hata siku moja, na kila alipoondoka mama alimsindikiza mpaka kwenye kona, si zaidi ya kona, akafikiri basi, yameisha, mama amesahau, akina mama husahau… mpaka kaseti ya tisa. "Una watoto, mama?" anauliza Profesa, kwa ile sauti yake laini ya kuulizia. "Nilikuwa na mmoja. Binti." Halafu hapo kuna kimya, tone la maji linaanguka kwenye ndoo, jingine, jingine, Nukta aliirudisha nyuma ile kaseti mpaka akaogopa itakatika, matone saba, na mama yake ndani ya hayo matone anafikiri, anachagua, kisha anasema, "Hayupo." Na Profesa, "Pole sana, mama." Na mama, "Ahsante." Basi. Kutoka hapo wanaendelea na habari za wanga.

Hayupo. Alilichapa. Herufi sita na nukta. Na alipolichapa alihisi kitu kama shukrani, Mungu amsamehe, alihisi nafuu, akasema moyoni mama amenifichia, kajua huyu ni bosi wangu, kajua nilishasema ofisini mimi ni mtoto wa nesi, akanifunika kama anavyofunika nguo mvua ikianza kunyesha, hivyo ndivyo alivyojisimulia miaka hii miwili, mama alinipa zawadi, na mtu aliyepewa zawadi hiyo angekwenda jioni ile ile kushukuru, si ndiyo, angekwenda akaanguka miguuni pake, lakini hakwenda, mwisho wa mwezi ukafika hakwenda, na mwingine, maana utakaaje ukanywa chai na mtu aliyekwambia hupo, utamwambia nini, hodi?

"…na kati yao," Profesa amegeuza ukurasa, ule wenye picha umepita, "alikuwapo mmoja ambaye nitamwita Mama wa Mashuka…" Ndio huu. Umefika. Laiti mtu angegonga mlango sasa hivi, umeme ungekatika, lakini taa zinawaka zote, na Mkutubi anamnong'oneza, "Hapa ndipo nilipolia mimi," Nukta anaitikia kwa kichwa, yeye pia alilia hapa, tena ndiye aliyepaandika, ndiyo, si Profesa, hebu tusidanganyane, Profesa alikuja na penseli yake siku ile, akaweka karatasi mezani kwake na kuligonga lile neno. "Hapa mama anasema hayupo. Hayupo nyumbani, au hayupo duniani? Wewe umemsikia vizuri kuliko mimi. Unamsikiaje?" Alimuuliza! Mtu wa historia, mtu wa kuuliza, hakuwa na hila yoyote, alitaka kujua ukweli, na ukweli ulikuwa umekaa mbele yake umevaa blauzi. Ilikuwa sentensi moja. Ilikuwa, Profesa, huyo ni mama yangu, mimi ndiye huyo binti. Dirishani kulikuwa na mtu anapanda ngazi kupaka rangi, anakumbuka, alimtazama mpaka akafika juu, kisha akasema, "Duniani, Profesa." Akasikitika Profesa, kwa dhati kabisa, akavua miwani. "Aliumwa nini, unadhani?" "Homa." Aliisema haraka, kwa kuwa homa haiulizwi maswali. "Alikuwa na umri gani? Nilisahau kumuuliza, na sipendi kumtonesha tena." Na yeye akasema, "Miaka kumi." Kumi. Kwa nini alisema kumi, mbona hakusema mitatu, hakusema ishirini, lilitoka wapi… "Binti yake," Profesa anasoma, na sauti imeshuka, ukumbi mzima umeinama naye, "alikuwa na miaka kumi homa ilipomchukua. Shuka aliyozikwa nayo, mama aliifua kwa mkono wake mwenyewe. Akaitia bluu ing'are. Akaipiga pasi. Hakutaka mwanawe aende na mikunjo."

Mtu anavuta kamasi. Kiti kinalia. Na hilo la mikunjo ni la mama kweli, lipo kwenye kaseti, ila alilisema juu ya maiti wa watu, wale wasiokuja kuchukuliwa na ndugu, alisema shuka zao tulikuwa tunaambiwa tusizipige pasi, za nini, nani atatazama, lakini mimi nilizipiga, sikutaka waende na mikunjo, hivyo tu, bila kilio, kama mtu anayeeleza kazi yake, Profesa akalichukua akalihamishia kwa mtoto kwa sababu huko ndiko lingeuma zaidi, na limeuma, tazama, mhariri anafuta macho, na wale maiti wasio na ndugu hawamo popote kitabuni, hakuna aliyewalilia, machozi yao amepewa mtoto asiyekufa… asiyekufa? Kumi. Sasa analijua lilikotoka. Darasa la nne, mwalimu wa kike mwenye rula, anauliza mmoja mmoja, mama yako anafanya kazi gani, ni mwalimu, ni mwalimu, anauza dukani, ni mwalimu, analima, na yeye akasimama, sketi yake imenyooka kuliko za darasa zima, akasema, "Yupo hospitali. Ni nesi." Na jioni, wakati wanapita nyuma ya hospitali na wenzake, wakamwona mama amepanda juu ya jiwe anaanika, mikono juu, shuka nyeupe zimejaa upepo, mama akamwona, akapunga mkono, na yeye akainama kufunga kamba ya kiatu, akaifunga, akaifungua, akaifunga, mpaka wakapita. Alikuwa na miaka kumi. Kwa hiyo hakumdanganya Profesa. Alimpa umri kamili. Getini miaka minane iliyopita ilikuwa tu habari za kifo cha zamani zimefika, na mama yake mbele ya kile kinasa sauti hakuwa anamfichia mtu, hakuwa anampa mtu zawadi, aliulizwa swali, akafikiri matone saba, akajibu ukweli kama anavyojibu kila kitu.

Mtazame. Kwa mara ya kwanza tangu mlangoni anamtazama, hajifanyi tena kutafuta kitu kwenye orodha. Mama hajainama. Macho yako kwa Profesa, macho makavu, makini, kama anasikiliza habari za mtoto wa jirani, na mkono umetulia juu ya mkoba. Saa nzima Nukta amekuwa akiomba, ee Mungu asinyanyuke, asije akanyanyuka huyu akanyosha kile kidole mbele ya watu wote akasema mwongo, binti yangu ndiye yule pale mwenye jagi, alishaiona picha hiyo mara mia, viti vinageuka, Mkutubi ameziba mdomo, kamera ya gazeti inamgeukia, na jasho lilikuwa likimtoka… lakini hanyanyuki. Hana hata dalili ya mtu anayejizuia. Mtu anayejizuia anajulikana, taya hukaza, mguu hutikisika, huyu mguu umetulia, na ghafla kinachomkaba Nukta si hofu ile tena, ni nyingine, imekaa mahali pale pale lakini ni nyingine, nyanyuka mama, anasema bila mdomo, nyanyuka, niaibishe, nitukane mbele ya wahadhiri wote hawa, niite mshenzi, niite hayawani, uniite kwa lile jina ulilonipa wewe ambalo hakuna anayelijua humu ndani, nyanyuka tu, nitakuja, ni hatua kumi na mbili kutoka hapa mpaka hapo, nimezihesabu, ukininyoshea kidole nitakuja… na kwa nini asiende yeye, nani amemfunga kamba, ni yeye anayejua kutembea, ni yeye mwenye deni la hizo hatua, lakini miguu iko chini ya meza kama ya mtu mwingine, na mkono umeshika jagi la maji ambalo hakuna aliyeliomba. "Maskini ya Mungu," Mkutubi ananong'ona, "hata mtoto mmoja wa kumshika mkono hana." Naye, mdomo huu huu, anasema, "Ndiyo."

Mbele kule, mwanamke mwenye miwani, mke wa mhariri, ambaye amekaa kiti cha nne, ameelewa. Ametazama ile picha kitabuni, ametazama kile kitambaa cha madoa meupe, ametazama ile mikono, amemjua ni nani, na uso wake umevunjika, anamgeukia yule mzee, anaichukua ile mikono yote miwili, mikono iliyoliwa na magadi, anaishika kama anavyopaswa kuishika mtu aliyeko mezani pembeni, na kutoka huku hakuna kinachosikika, Profesa anasoma juu ya mvuke, lakini midomo inasomeka, Nukta amesoma midomo na kaseti na miandiko mibaya ya watu maisha yake yote, pole mama, anasema yule mwanamke, pole sana kwa msiba wako, na mama yake anamgeukia. Sasa. Kama kuna neno, ni sasa, atasema sijafiwa, atasema wameandika vibaya, atageuza shingo kidogo tu kuelekea huku, kidogo tu… na mama yake anampigapiga yule mgeni mkono, kumtuliza, maana mgeni ndiye anayelia, na uso wake ni mwema, hauna uchungu hata chembe, umekaa kama uso wa mtu aliyekwisha maliza matanga siku nyingi, akarudi kazini, na midomo inajibu kile ambacho kila mtu mwenye adabu hujibu akipewa pole, neno la kawaida kabisa, na Nukta analisoma herufi kwa herufi huku Profesa akilowesha kidole kugeuza ukurasa:

Nimeshapoa.